Makaburi ya Kasubi, Kampala: nendeni, ila bebeni khanga na maswali

Mimi nauza vitenge Bukoba. Kampala naijua kwa vichochoro vya Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, kuliko kwa vivutio vyake, maana nikishavuka mpaka wa Mutukula akili yote iko kwenye mzigo. Ila Jumapili maduka ya jumla hufungwa na basi langu la kurudi ni la Jumatatu, kwa hiyo siku nzima mtu unakaa tu hotelini unahesabu risiti. Safari hii binti wa kaka yangu, anayesoma chuo kikuu hukohuko, akanifuata asubuhi: "Shangazi, leo hakuna mambo ya marobota. Twende Kasubi."

Kwa wenye haraka, hukumu yangu ni hii: nendeni. Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano sijaitoa, na sababu haihusu usafi, wala kiongozi, wala foleni. Inahusu mila yenyewe ya pale, na ndiyo iliyonikalisha chini kuandika, maana kwa kawaida mimi nikiandika maoni huwa ni mistari mitatu kuhusu maji ya moto ya gesti.

Kufika ni rahisi. Kasubi iko kama kilomita tano kutoka katikati ya mji, upande wa barabara ya Hoima. Panda taksi, yaani zile haisi ambazo sisi tunaziita daladala, zinazokwenda Kasubi sokoni, kisha panda kilima kwa miguu au kwa bodaboda. Bodaboda mpatane kabla hujakaa. Akisikia Kiswahili cha Tanzania anajua ni mgeni, na bei inapanda kabla ya pikipiki.

Sasa mahali penyewe. Juu ya kilima hiki Mutesa wa Kwanza, Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, alikuwa na kasri lake, lililojengwa mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 akazikwa humohumo ndani, na kwa Buganda hilo lilikuwa jambo jipya kabisa, kwa sababu kabla yake Kabaka akifa taya lake lilitengwa na mwili na kutunzwa kwenye nyumba yake lenyewe. Waliomfuata wakaletwa hapohapo: Mwanga wa Pili, aliyefia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 na mabaki yake kurudishwa 1910, Daudi Chwa wa Pili, aliyefariki 1939, na Mutesa wa Pili, ambaye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa Uganda, akafia London mwaka 1969 na kurudishwa nyumbani 1971. Wafalme wanne chini ya paa moja. UNESCO wakapaandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2001.

Hilo paa ndilo la kulitazama. Nyumba kuu inaitwa Muzibu Azaala Mpanga, na ni msonge. Sisi Wahaya misonge tunaijua, tunaita mushonge, babu zetu wamezaliwa humo. Lakini huu una kipenyo cha mita 31, na nyasi zake zinashuka kutoka kileleni kwa unene ambao hata ukisimama mbali unaona kwamba hapa palifanyiwa kazi na watu wanaojua. Unaposogea, mlango unaonekana mdogo, nyasi zimekatwa sawasawa juu yake kama mtu aliyenyolewa na kinyozi mwenye mkono mzuri.

Ndani nilipata kuingia zamani, kabla ya moto wa 2010 nitakaousimulia hapo chini. Kilichonibakia zaidi ni harufu. Sakafu hutandikwa mchaichai, halafu juu yake mikeka ya ukindu, kwa hiyo ukikaa unanusia chai kila ukijigeuza. Juu kwenye paa zimefungwa pete 52, kila moja ukoo mmoja wa Baganda. Nguzo zimevishwa vitambaa vya gome la mti. Mbele yako kuna pazia kubwa, nalo la gome, na nyuma ya pazia ndipo walipo wenyewe. Nyuma ya pazia panaitwa Kibira, msitu, kwa sababu Kabaka hasemwi kuwa amekufa, ameingia msituni.

Kama muuza nguo sikuweza kulipita lile gome bila kulishika pembeni. Hutoka kwenye mti wa mutuba. Ngozi ya ndani inavunwa msimu wa mvua, inapigwa kwa nyundo za mti za aina mbalimbali mpaka inalainika na kuwa pana, na rangi yake ni ya udongo wa kuchoma. Ni kazi ya ukoo wa Ngonge. Kitenge gani cha kiwandani kitakaa miaka mingi hivyo kwenye nguzo bila kupauka? Sina jibu, na navifunga marobota kila mwezi.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo ikaungua yote. Watu walilia mji mzima, na mpaka leo chanzo kinabishaniwa. Mwaka huohuo Kasubi ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, ikakaa huko mpaka Septemba 2023 ilipotolewa, baada ya ujenzi mrefu wa ufalme wa Buganda, serikali ya Uganda na UNESCO, na fedha nyingine kutoka Japani. Ukiiona leo unaona nyumba iliyorudi kutoka majivuni, na hilo peke yake linatosha kukutoa hotelini.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Kiganda aliyevaa kanzu na koti juu yake, mpole, anayejua kazi. Alitusalimia kwa Kiganda, akaona mimi natafutatafuta maneno, akahamia Kiswahili bila kununa. Wanaoijua Kampala wataelewa kwa nini nimelitaja hilo. Wazee wengi wa huko Kiswahili walikisikia kwanza kwa askari. Yeye alikisema vizuri, na kabla hatujalipa chochote akatupa masharti.

Viatu vinavuliwa mlangoni. Mwanamke anavaa sketi au gauni, na aliyekuja na suruali anajifunga khanga, ambayo huko wanaiita lesu. Mpwa wangu alikuja na jinzi. Khanga ninayo mkobani siku zote, kazi yangu hainiruhusu kutembea bila khanga, akajifunga. Ndani mwanamke anakaa amekunja miguu upande, mwanamume anaweza kukaa anavyokaa. Halafu kijana akatazama chini kidogo, akasema kwa sauti ileile ya upole kwamba kina mama walio kwenye siku zao hawaingii nyumba kuu. "Hatumkagui mtu," akasema. "Tunawaambia tu. Mwenyewe unajua."

Mpwa wangu ameniruhusu niandike, kwa sharti jina lake nisilitaje. Angeweza kunyamaza. Akasema waziwazi, mbele ya wageni wengine, "Basi mimi nabaki nje." Kijana wa watu akashukuru. Mimi nikasema kama yeye anabaki nje na mimi nabaki nje, nyumba nilishaiona. Tukatembezwa uani.

Niseme wazi ninaposimama, msije mkanipanga upande usio wangu. Kupiga magoti hakunisumbui. Bukoba nimelelewa nikipiga magoti kwa baba, kwa mjomba, kwa wageni, na mpaka leo mzee akiingia dukani kwangu goti linashuka lenyewe kabla sijafikiri. Mpwa wangu hili linamkera. Alimuuliza kiongozi mbona wanaume hawapigi, na kijana akamjibu kwamba mbele ya Kabaka wote wanakwenda chini, hata Katikiro ambaye ni waziri mkuu wa ufalme. Ni kweli. Mbele ya Kabaka. Lakini nyumbani kwa kila siku anayeshuka ni mmoja, na hilo kijana hakuligusa, wala sikumlazimisha, Jumapili ile ilikuwa nzuri.

Khanga juu ya jinzi nayo hainisumbui. Msikitini unajifunika, kanisani kwetu zamani mama hakuingia kichwa wazi, na kila nyumba ina adabu yake. Ukitaka nikuambie ukweli, nilimshauri kijana waweke vitenge vizuri pale getini kwa wageni, na kwamba naweza kuwaletea kwa bei ya jumla. Akacheka. Sikuwa natania.

Kilichonikaa rohoni ni ile ya damu.

Maana ona walivyopangwa pale. Mkuu wa makaburi ni Nnaalinya, binti wa kifalme. Yuko Lubuga, dada wa mfalme aliyetawazwa pamoja naye. Wako wake za Kabaka, na mke wa Kabaka akifariki ukoo wake unamtoa mwanamke mwingine kushika nafasi, kwa hiyo mpaka leo wapo wanawake wanaoitwa wake za mfalme aliyezikwa kabla bibi zao hawajazaliwa. Wanakaa kwenye nyumba ndogo zilizozunguka ua, wanapokezana zamu za kukaa na wafalme, wanatandika, wanafagia, wanasuka mikeka. Zamani Nnamasole, mama wa Kabaka, na Lubuga nao waliitwa Kabaka. Walikuwa na makasri yao na watu wao. Na Kabaka mwenyewe, katika nchi ambayo kila mtu ni wa ukoo wa baba yake, yeye alihesabiwa ukoo wa mama yake. Ndiyo maana kila ukoo uliweza kutumaini kuzaa mfalme.

Kwa hiyo usije ukaniambia mila hii haimjui mwanamke. Inamjua vizuri sana. Imempa madaraka, imempa funguo, imempa mpaka jina la mfalme, halafu siku tano za kila mwezi inamwona kama moto wa pili.

Uani tulimkuta mama mmoja mtu mzima amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, miguu ameinyoosha juani, ukindu uliotiwa rangi ya zambarau uko kwenye sufuria pembeni. Mpwa wangu akapiga magoti kumsalimia. Yule asiyependa kupiga magoti. Mama akamjibu salamu ndefu ya Kiganda, mimi nikawa nashika neno hapa na pale maana Kihaya na Kiganda ni majirani, na mengine nikatafsiriwa.

Alituuliza mbona hatumo ndani na wenzetu. Mpwa wangu akamwambia. Mama akacheka, si kwa kumcheka, akampisha kwenye mkeka. Akasema enzi za ujana wake siku zikifika alikuwa anabaki nyumbani kwake na mwenzake anashika zamu, na kwamba kwa kazi za wakati ule hizo zilikuwa siku za kupumzika. Mpwa wangu akamuuliza kama haoni ni kudharauliwa. Mama akafikiri, huku vidole vinaendelea kusuka, wala havikusimama. Akasema yeye hajawahi kuulizwa.

Nimelitafakari jibu hilo njia nzima ya Masaka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema hajawahi kuulizwa.

Baadaye kiongozi alitufikia akatueleza habari za kuezeka. Kuezeka nyumba ya Kabaka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na mkuu wao ana cheo chake, Wabulakayole. Kwa alivyotueleza, wakati wa kuezeka mwanamke hasogei, kwa sababu inaaminika paa litavuja. Waezekaji nao wana miiko yao, wanakaa mbali na wake zao. Nyasi zinachambuliwa, zinafungwa vitita, kila kitita kinachunwa mpaka kiwe laini. Ni ufundi hasa. Na ni ufundi ambao baada ya moto ilibidi vijana wafundishwe upya, kwa sababu mafundi waliobaki walikuwa wachache na wazee.

Mimi nikawaza kibiashara. Una ufundi unaokaribia kupotea. Una ua mzima wa wanawake ambao vidole vyao vinajua ukindu kuliko mtu yeyote kilimani pale. Na paa likivuja, wa kwanza kujua ni anayekaa chini yake kwa zamu usiku na mchana, naye ni mwanamke. Halafu siku ya kuezeka huyo ndiye anayeambiwa asikaribie, eti atalifanya livuje. Duka langu nikiliendesha hivyo nitafunga kabla ya Krismasi.

Mtu ataniambia, mama, hiyo ndiyo mila, ukiigusa umeiua. Hapo ndipo nisipokubali, na ushahidi uko palepale Kasubi. Mwaka 1938 nyumba hiyohiyo ilifanyiwa matengenezo makubwa yakaingizwa chuma na zege, nguzo za zege zikavishwa gome, na watu wakaendelea kupiga magoti mbele yake. Baada ya moto wa 2010, usalama wa moto ulifikiriwa upya kwa vifaa ambavyo Mutesa wa Kwanza hakuwahi kuviota. Hata kuzikwa kwake mwenyewe ndani ya kasri, na taya lake, ilikuwa ni kuvunja desturi ya baba zake. Leo hakuna anayesema Kasubi si Kasubi kwa sababu ya zege. Zege lilikaribishwa, likavishwa nguo, likaambiwa karibu nyumbani. Mwanamke mwenye kitita cha nyasi bado.

Uganda wenyewe wamelimaliza jambo hili kwenye karatasi. Katiba yao ya 1995, ibara ya 33, inakataza sheria, utamaduni, mila au desturi inayokwenda kinyume na heshima, ustawi au maslahi ya wanawake. Katiba hiyohiyo, ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kuwa na utamaduni wake na kuuendeleza. Ukizisoma mbili pamoja unaona kabisa waandishi walijua ugomvi upo, wakauacha mlangoni kwa watu wenyewe.

Na UNESCO msiwategemee kwa hili. Mlima Athos wa Ugiriki uko kwenye orodha tangu 1988, na mwanamke haruhusiwi kukanyaga, awe mtawa, awe malkia. Kisiwa cha Okinoshima cha Japani kikaandikwa 2017, nacho tangu zamani wanawake hawakanyagi. Dunia ilitia saini yote mawili. Kasubi, kwa kulinganisha, ni mahali ambapo mwanamke anaishi, na ndiyo maana mimi naona hapo kuna matumaini zaidi kuliko huko.

Sisi Wahaya tulikwisha kupita njia hii, na haikuwa kwenye kaburi la mfalme, ilikuwa kwenye kibanja. Mwenye asili ya Bukoba anajua kibanja ni nini: migomba, kahawa, na babu zako wamelala humo chini. Mila ilisema mwanamke anaweza kukitumia lakini hawezi kukiuza. Mwanamke mmoja akakiuza, alichorithi kwa wosia wa baba yake, na mtu wa ukoo akaenda mahakamani kudai mauzo yabatilishwe. Ni ile kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, akaamua kwamba mila hiyo inabagua, inapingana na haki za kikatiba, na mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Nilikuwa binti mdogo, nakumbuka wazee walivyosema koo zimekwisha, vibanja vitauzwa vyote kwa wageni, makaburi ya babu yatakuwa viwanja vya mpira.

Njooni Bukoba leo. Vibanja vipo. Koo zipo, na vikao vyake virefu kuliko vya bunge. Wanawake wengi wala hawajauza. Kibanja cha mama yangu sikiuzi mimi hata unipe kontena la vitenge. Kilichobadilika ni kwamba sasa nisipouza, ni mimi ndiye niliyeamua. Na babu aliye chini ya migomba sijasikia akilalamika.

Kwa hiyo maoni yangu kwa wenye Kasubi, kama yatawafikia: mwiko huo msiufute kwa sababu mtalii kakasirika, wala kwa sababu muuza vitenge wa Bukoba kaandika. Wakalisheni Nnaalinya, Lubuga na wale kina mama wa zamu, waulizwe wao, na neno lao liwe la mwisho. Wakisema siku hizo wanataka kupumzika nyumbani kwao, sawa, ni mapumziko. Wakisema wanataka kuingia, pazia litabaki pale lilipo na walio nyuma yake watabaki walipo. Kinachonisumbua mimi ni sheria juu ya mwili wa mtu ambaye hajawahi kuulizwa, na mtu huyo ndiye anayefagia.

Na maelezo ya kiongozi yaongezwe. Kijana wetu alitupa miaka, vita, majina ya makabaka mpaka kumi na ngapi huko nyuma, mambo ya 1966 jeshi la Obote lilipovamia kasri la Mengo, kufutwa kwa falme 1967 na kurudishwa 1993. Alijua vizuri sana. Habari za wanawake wa mle tulizipata kwa sababu tulibaki nje na kwa sababu mpwa wangu ni mbishi. Wageni waliokuwa ndani walitoka wakiwa na wafalme wanne vichwani, na mama aliyewakalia mbele yao mlangoni hawakujua hata kwamba anaitwa mke wa Kabaka. Mmoja wao, mwanamume wa makamo kutoka Nairobi, alinieleza kwa furaha kila kitu alichokiona, nilipomuuliza kuhusu yule mama, akasema, "Yule mhudumu?"

Basi kwa mtakaokwenda. Kina dada, sketi ndefu au khanga yenu wenyewe, na soksi kama hampendi kutembea pekupeku. Kina baba, msidhani masharti hayawahusu. Viatu vinavuliwa na nyinyi, na sauti inashushwa. Kabla ya kupiga picha, hasa ya watu, ombeni. Nendeni asubuhi, jua la saa saba juu ya kilima kile halina huruma na kivuli ni kichache. Getini, nyumba ya Bujjabukula, msiipite mbiombio, nayo imeezekwa kwa ufundi uleule na hapo mnaweza kuziangalia nyasi kwa karibu kuliko kwenye nyumba kuu. Kaeni saa mbili angalau. Ukiwa na mtoto wa kike wa umri wa kuelewa, mwelezeni hilo la siku mapema, nyumbani, si getini mbele ya watu; na mumwambie kwamba akisema ukweli hajafanya kosa na akinyamaza vilevile hamtamgombeza.

Kisha ombeni mpitishwe uani, kwenye zile nyumba ndogo. Kama kuna mama anasuka, salimieni kwanza, kaeni mkikaribishwa, ndipo muulize bei. Mimi nilinunua mkeka wa zambarau na rangi ya asili kwa shilingi elfu sitini za Uganda, na kwa kazi ile sikubishana. Nimeukagua nyumbani: milia imeshonwa kwa karibu, pindo limerudiwa, hakuna ukindu uliokatika. Bukoba mkeka wa namna hiyo mtauziwa kwa bei kubwa kuliko hiyo na bado pindo litafumuka kabla ya mwaka. Bebeni kamba ya kuufungia, kwenye basi la Mutukula makondakta wanaurusha chini ya magunia ya mahindi.